Bi. Skolastika Ntakije: Miaka Thelathini na Miwili ya Sabuni, Mitatu ya Vipande

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, king'ora cha saa kumi kitakapolia, Bi. Skolastika Ntakije atavua aproni yake ya mpira na kuirudisha stoo. Atakuwa amekitumikia Kiwanda cha Sabuni Mwambao kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Uongozi umetangaza kuwa siku hiyo kutakuwa na pilau, soda na hotuba fupi. Mimi nimeombwa niandike ukurasa huu wa jarida letu kwa sababu nilikuwa katibu wake kwenye Mfuko wa Kufaana, na kwa sababu, kama alivyosema ofisa utumishi, "Wewe Angelina ndiye unayejua alivyokonda."

Alikonda kweli. Nitafika huko.

Dada Skola, kama tunavyomwita wengi wetu, alizaliwa Simbo katika nyumba ya wakamuaji wa mawese, na alizoea harufu ya mafuta yakichemka kabla hajajua kusoma. Aliajiriwa Julai 1993 kufunga sabuni kwenye makaratasi. Miaka mitatu baadaye alipelekwa kwenye kukata miche ya sabuni, na mwaka 1999 akaingia jikoni, ndivyo tunavyoliita banda ambamo sabuni hupikwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza humo. Wanaume waliokuwapo walisema joto litamtoa kabla Kwaresima haijaisha. Kwaresima ikaisha, Pasaka ikapita, na wawili kati ya waliotabiri wakaomba kuhamishiwa stoo. Mwaka 2008 akawa mkuu wa jiko, na hajatoka hapo hadi leo.

Wengi mnakumbuka safari yake ya Bujumbura, mwaka wa maonyesho ya biashara. Alitapika tangu meli inaondoka Kigoma hadi inafunga kamba kule. Maofisa wa bandarini wakazitilia shaka katoni zake, wakataka kujua ni sabuni ya namna gani isiyo na picha ya mwanamke mzungu. Dada Skola akaomba ndoo ya maji na kitambaa kichafu kuliko vyote walivyokuwa navyo. Akafua palepale. Kabla karatasi zake hazijagongwa muhuri, watu wa foleni walikuwa wamekwisha kununua katoni mbili.

Halafu kuna kuimba. Huimba nyimbo za kwaya akiwa anakoroga, na vijana wa jikoni wanajua kwamba ubeti wa nne ukianza, sabuni imeiva, mapipa yawe yameshasogezwa. Ndiyo maana alipoacha kuimba, kiwanda kizima kilijua kuna jambo.

Sasa nije kwenye Mfuko. Tuliuanzisha mwaka 2009, baada ya mwenzetu mmoja kufariki na sisi kuzungusha kofia ili kupata sanda. Tuliona aibu. Tukakubaliana kila mwanachama akatwe kidogo kwenye mshahara, fedha zitufae kwenye maradhi, misiba na ada za watoto. Mwaka 2021 Dada Skola alichaguliwa mwenyekiti. Alikubali kwa sharti kwamba asiwe na uwezo wa kutoa shilingi kwa sahihi yake peke yake.

Katikati ya mwaka 2022 tulikuwa na milioni arobaini na nane benki, na wanachama sitini na mmoja wenye manung'uniko. Benki ilitupa riba ya kununulia vocha, kisha ikakata makato ya kununulia simu. Mafuta ya taa yamepanda, mchele umepanda, hata dagaa wa hapa ziwani wamepanda, na fedha zetu zimekaa tu.

Ndipo Dotto, mtunza stoo wetu, alipomleta mgeni. Alikuwa kijana mtanashati, mwakilishi wa kampuni ambayo jina lake halina maana tena. Tulikutana kwenye banda la katoni. Mgeni akasema kampuni yao inalipa asilimia tano kila mwezi. Dotto akasimama kushuhudia: ameweka milioni mbili zake, na amelipwa mara tatu bila kuchelewa. Banda likavuma.

Dada Skola alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hiyo asilimia tano inatoka wapi?"

"Biashara mseto, mama. Madini, mazao, fedha za kigeni."

"Na mkipata hasara mwezi mmoja?"

"Hatujawahi, mama."

"Katika biashara ya mazao hamjawahi?" Yeye ni mtoto wa mkulima wa michikichi, alishangaa kwa dhati. "Basi nipe jina la anayekagua hesabu zenu, nimpigie simu."

Mgeni akasema atatuma kwa barua pepe. Hakutuma. Tulipopiga kura, pendekezo lilianguka kwa tofauti ya kura chache mno, na Dotto akatoka nje kwa hasira. Mlangoni alimgeukia Dada Skola na kumwambia mbele yetu sote, "Unatunyima riziki, dada."

Neno hilo lilimwingia. Nawaambieni ninyi mliodhani hana wasiwasi kwa sababu hakujibu: kuanzia siku hiyo hakutulia. Alijiona anadaiwa faida. Tulikwenda pamoja benki, tukapiga simu kwa meneja wa mfuko mmoja wa uwekezaji wa pamoja, tukaletewa vitabu vyao. Tulijifunza kwamba fedha za watu wengi hukusanywa, zikatumika kununua hati fungani za serikali au hisa za makampuni, na kila mtu akapewa vipande kulingana na alichoweka. Mfuko wa hati fungani ulikuwa na faida ya wastani, haukuyumba sana, na kutoka hakukuwa na makato. Mfuko wa hisa, kwa miaka iliyopita, ulikuwa umelipa karibu mara mbili yake. Lakini ada yake ya usimamizi ilikuwa kubwa zaidi, na aliyejitoa kabla ya miaka mitatu alikatwa asilimia mbili.

"Tuweke kwenye hati fungani," nilimwambia.

"Nikiwaletea faida ya wastani, Dotto atasema sikuwa na sababu ya kumkatalia."

Akaamua milioni thelathini ziende kwenye hisa, na kumi na nane zibaki benki kwa shida za kila siku. Katika mkutano aliyasema yote bila kuficha: ada ya usimamizi hukatwa kila mwaka, mfuko upate usipate, kutoka mapema kuna makato, kipande hupanda na hushuka. Tulipiga makofi. Tulikuwa tumesikia "hupanda."

Vipande vilinunuliwa Agosti. Septemba vikashuka. Tulisema ni kawaida. Oktoba vikashuka tena, Novemba vikapanda kidogo tukachangamka, Desemba vikaporomoka. Bei ilitoka kila siku ya kazi, na kila siku Dada Skola aliifungua kwenye simu akiwa amesimama kando ya ukuta wa jiko, miwani puani, midomo imebana. Asubuhi getini watu walimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akaitikia, na kabla hajapita wakauliza, "Imefika ngapi?" Hakuna aliyemtukana. Ila meza ya chakula cha mchana ilianza kuwa na nafasi pembeni yake.

Na Dotto? Dotto alilipwa asilimia tano yake kila mwezi. Mwezi Januari alikuja kazini na bajaji mpya, akaiegesha mahali ambapo kila anayetoka jikoni lazima aione.

Ndipo kuimba kulipokoma. Alasiri moja ya Februari, Dada Skola aliacha sufuria kubwa ikaungua. Pishi zima likawa jeusi na kunuka, la kwanza kuharibika tangu awe mkuu wa jiko. Vijana waliogopa kumsemesha. Alichukua koleo akaanza kukwangua mwenyewe. Mumewe, Bwana Leonardi, ambaye ni fundi cherehani pale soko la Mwanga, aliniambia kwamba nyumbani alikuwa anajaza sahani na kuirudisha jikoni ilivyo.

Siku hiyo milioni thelathini zetu zilikuwa na thamani ya milioni ishirini na tano na nusu.

Mwezi Machi, Jeremia wa boila alikuja kusimama kwenye mlango wa jiko. Mke wake, Happiness, mchuuzi wa migebuka, samaki wa ziwani, ambaye wengi tulinunua kwake, alikuwa amepatikana na uvimbe tumboni. Madaktari wa hapa walisema apelekwe Dar es Salaam.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Jeremia. Wamesemaje?"

"Wamesema afanyiwe upasuaji ndani ya mwezi mmoja. Ukipita, hawaahidi kitu." Alitaja kiasi: nauli, upasuaji, dawa, mahali pa kulala. Milioni tisa.

Nilikuwa nimesimama pale na karatasi za mauzo. Mimi na yeye tulijua kilichobaki benki. Tulikuwa tumepata misiba mitatu mfululizo, na Januari karibu kila mzazi alikuwa amekopa ada. Zilibaki milioni nne. Dada Skola alimshika Jeremia bega akamwambia, "Mwandae mgonjwa, mdogo wangu." Alipoondoka, akaketi juu ya pipa lililopinduliwa na kuniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Angelina, nimefanya nini?"

Mkutano uliitishwa siku iliyofuata. Banda la katoni lilijaa hadi mlangoni. Wengine walitaka tuuze vipande vyote, tuchukue kilichobaki kabla hakijaisha. Wengine walitaka tusiuze hata kimoja, maana kuuza sasa ni kuikubali hasara, Jeremia achangiwe kwa kofia. Jeremia alikuwapo. Alitazama sakafu.

Dotto alisema, "Tungeweka kule nilikosema, leo tungekuwa tunagawana."

Dada Skola alisimama. Alikuwa amevaa aproni bado.

"Dotto anaweza kuwa na haki ya kunicheka," alisema. "Soko kushuka si ajabu, niliwaambia linashuka. Kosa ni langu, na ni hili: fedha ya ugonjwa nimeipeleka mahali ambapo huwezi kuichukua siku ya ugonjwa bila kuumia. Nilitaka faida kubwa ili nionekane. Sasa nisikilizeni. Tuuze vya kumtosha Happiness, hivyo tu. Tukubali hasara ya hivyo. Vilivyobaki tuviache, na makato yetu ya kila mwezi kuanzia sasa yajaze benki kwanza, kisha hati fungani. Na hasara ya vitakavyouzwa nikatwe mimi kwenye mshahara. Kisha mtafute mwenyekiti mwingine."

Kukawa na minong'ono. Walikuwapo waliotikisa kichwa kukubali, nami niliwaona. Aliyeokoa siku ni Shadia wa ufungashaji, mtu asiyezungumza mikutanoni.

"Dada akilipa leo," alisema, "kesho nani atakubali kiti hicho? Atakayekubali ni mwizi tu. Sisi tulipiga makofi. Hasara ni yetu wote."

Kura zilihesabiwa mara mbili. Pendekezo la kuuza sehemu lilipita. Pendekezo la kumkata mshahara na lile la kujiuzulu yakakataliwa.

Niliandika barua ya kuuza vipande. Tuliuza vya milioni tano na laki mbili, na laki moja na ushee ikaondoka kama ada ya kujitoa. Lakini fedha haikuja siku hiyo. Utaratibu uliruhusu siku kumi za kazi, na katikati kulikuwa na sikukuu ya Pasaka. Hili nalo lilikuwa kwenye kitabu, na sisi tulilisoma bila kuliona. Happiness alisafiri na Jeremia kwa treni, na milioni nne mkononi. Dar es Salaam walipangiwa tarehe, wakaambiwa malipo yakamilike kabla.

Kila saa Dada Skola aliniuliza kwa macho tu, nami nikatikisa kichwa. Jumatano Kuu Jeremia alipiga simu: wameambiwa wasipolipa leo, nafasi ya kesho atapewa mgonjwa mwingine. Dada Skola akavua aproni saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapanda bodaboda hadi Mwanga. Bwana Leonardi alikuwa amepokea malipo ya awali ya sare za shule nzima, fedha za vitambaa. Alimsikiliza mkewe akiwa ameshika mkasi.

"Zitarudi lini?" aliuliza.

"Sijui. Baada ya sikukuu, wanasema."

"Na zisiporudi?"

"Tutauza kile kiwanja cha Katubuka tulichotaka kukijenga."

Leonardi alikunja kitambaa alichokuwa anakata, akaenda naye kwa wakala wa simu. Fedha zilifika Dar es Salaam kabla ya jioni. Happiness alipasuliwa Alhamisi Kuu. Uvimbe haukuwa wa kutisha kama walivyohofia. Fedha za vipande ziliingia Jumatano baada ya Pasaka, na saa hiyohiyo nilizipeleka kwa Leonardi. Alikuwa hajalala siku zile. Mwenye shule alikwisha kuja mara mbili kuulizia sare.

Happiness hachuuzi tena samaki kichwani. Ana meza ya mboga pale njia ya Katubuka, na Dada Skola hununua mchicha kwake hata pale ambapo nyumbani upo.

Msidhani baada ya hapo hofu iliisha. Vipande vilivyobaki vilikaa chini ya bei tuliyonunulia mwaka mzima na zaidi. Vilirudi tulipoanzia mwishoni mwa mwaka 2024, kisha vikapita kidogo. Leo Mfuko una milioni sabini na moja, pamoja na michango yetu. Sehemu iko benki, sehemu kubwa iko kwenye hati fungani, na hisa ni ile sehemu ambayo hata ikishuka hatutakosa kumzika mtu. Nilipompongeza kwamba alikuwa na msimamo wa kutouza vyote, alikataa sifa. "Tulibahatika," alisema. "Vingeweza kushuka zaidi, na leo ungekuwa unaandika mengine."

Na ukweli kuhusu Dotto nao usemwe: alipata faida. Alitoa mtaji wake wote ili kulipa kianzio cha ile bajaji, na miezi kadhaa baadaye ofisi ya kampuni ile ikafungwa na simu zake zikawa hazipatikani. Dada Skola alimwambia hongera, bila kejeli.

Sasa nifike mwezi uliopita, ambao kwa Dada Skola ulikuwa mgumu kuliko ule wa Pasaka. Kwa kuwa anastaafu, ilibidi tuchague mwenyekiti mpya. Vijana walimpendekeza Dotto: anajua watu, anajua kusema, ana bajaji. Akashinda.

Kesho yake Dada Skola alikuja mezani kwangu, akafunga mlango.

"Angelina, fedha za watu sitini na mmoja namwachia Dotto?"

"Kuna sahihi tatu, dada."

"Sahihi tatu hushawishika kama moja." Akaegemea mlango. "Nilidhani nikistaafu nitalala."

Siku ya makabidhiano aliketi mstari wa mbele, mkoba mapajani, soda yake haijafunguliwa. Alisoma taarifa yake, akakabidhi nyaraka, akarudi kuketi. Ndipo Meshack wa magari aliposimama nyuma na simu yake mkononi. Alikuwa na jambo zuri, alisema. Kuna mfuko mpya wa mtandaoni, unaongeza fedha mara mbili kwa miezi sita, hauna makato yoyote, na wiki hii wanapokea vikundi. Vijana wakaanza kumshangilia. Watu wote wakamgeukia Dotto, na nikamwona Dada Skola akiukamata mkoba kwa mikono miwili.

Dotto alichukua muda kusimama. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mimi niliwahi kuwaletea mtu hapa," alisema. "Mnajua nilipata. Hamjui kwamba nilipotoka, shemeji yangu aliona bajaji, akauza shamba lake la michikichi kule Simbo akaingia. Mimi ndiye niliyempeleka. Hana shamba sasa, na dada yangu haongei na mimi." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Meshack, sikukatazi wewe na fedha yako. Ila fedha hii naiogopa. Tangu mnichague chakula hakipiti. Nileteeni kwa maandishi: nani anazishika, faida inatoka wapi, siku ya kutoka wanakata nini. Na mimi sielewi haraka, kwa hiyo mtanisubiri."

Meshack akaketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Dada Skola aliuweka mkoba chini. Akainua soda, akatafuta kifunguo, akakikosa, akaomba cha jirani. Kisha akaniinamia na kuninong'oneza, uso ukiwa umelegea kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu: "Anaogopa. Mungu ni mwema, anaogopa kweli."

Jioni ile, kwenye sufuria ya mwisho, Dada Skola aliimba tena, na ubeti wa nne ulipoanza vijana walikuwa wameshasogeza mapipa.

Dada Skola, wafanyakazi wote wa Mwambao, walio jikoni, stoo, boila, magari na ofisini, wanakushukuru kwa sabuni na kwa usingizi uliojinyima kwa ajili yetu. Nenda Simbo kwenye michikichi yako. Simu tunaomba uibebe, ila kwa ajili ya wajukuu. Mungu akupe afya wewe na Bwana Leonardi, akupe miaka mingi ya kula ukashiba na kulala hadi kupambazuke.

Angelina Kabura
Idara ya Mauzo, kwa niaba ya wafanyakazi wote